Hendeli Iliyolowa

Asubuhi hiyo hendeli ilikuwa ikidondosha maji.

Oluoch aliiona kabla hata hajaiweka taa chini. Jioni iliyotangulia, kama jioni nyingine zote, alikuwa ameichomoa kwenye injini ya kinu chake, akaipangusa kwa kitambaa, akaitundika kwenye msumari wake ukutani, akalifunga banda kwa kufuli mbili, na funguo zikalala chini ya mto wake. Sasa ilining'inia palepale alipoiacha, lakini tone lilikuwa likijikusanya kwenye ncha yake, linanenepa, linaanguka, na chini yake sakafu ilikuwa imefanya dimbwi dogo. Alitazama paa. Mabati yalikuwa makavu. Ulikuwa mwezi wa Septemba mwaka wa tisini na saba. Mvua kubwa iliyotabiriwa redioni ilikuwa bado haijafika, na wanawake wa Kisumu Ndogo, mtaa wa mabanda mjini, mbali na ziwa, walikuwa wakiamkia foleni ya maji na madebe yao. Oluoch aligusa tone kwa kidole, akalinusa. Lilinuka magugu yaliyooza.

"Labda ni jasho ya chuma," alimwambia mkewe, Seline, alipoingia na debe la mahindi.

"Chuma inatoa jasho tangu lini, Baba Hope?"

"Hata mimi ndio naona leo."

Seline alicheka, akaitwaa kanga kuukuu, akakausha sakafu. Kisha wakaanza kazi.

Injini yenyewe ilikuwa ya mashua. Mwaka ule gugu maji lilikuwa limeufunika ufuko wa ziwa upande wa kwao mpaka mashua zikakwama kama ng'ombe matopeni, na wenye mashua wakaanza kuuza vyuma vyao. Oluoch alikuwa na kinu cha kusaga unga na umeme usioaminika. Alisafiri, akarudi na injini ndogo ya dizeli ya silinda moja, ya rangi ya kijani, yenye kovu la mshazari kwenye gurudumu lake zito. Aliifunga juu ya zege. Kwa kuwa ilizoea kupozwa na maji ya ziwa, aliiwekea pipa kando, mpira mmoja wa kuvuta maji na mwingine wa kuyarudisha. Haikuwa na betri. Iliwashwa kwa mkono.

Kuiwasha kulikuwa na utaratibu, na Oluoch hakuruka hatua. Kwanza alipima oili. Kisha alifungua koki ya dizeli na kuhakikisha hakuna hewa iliyobaki katika mpira. Alikunja mikono ya shati, akapaka grisi kwenye ncha ya shafti ili hendeli ichomoke bila kung'ang'ania injini itakapoamka. Alisimama kando ya hendeli, miguu ameitanua. Mkono wa kushoto aliuweka kwenye kishikizo kidogo kilicho kichwani mwa silinda, ambacho kikiinuliwa huachilia pumzi ya injini, na gurudumu likazunguka kwa wepesi. Mkono wa kulia ulishika hendeli, na hapa ndipo alipokuwa mkali kuliko mahali pengine: kidole gumba hakikuruhusiwa kukizunguka chuma kwa upande wa pili. Kililala pamoja na vidole vinne, upande mmoja, kwa sababu dizeli huweza kupiga teke, hendeli ikarudi nyuma ghafla, na mkono uliofumbata hauna njia ya kuachilia. Alizungusha polepole, akaongeza kasi, na gurudumu liliposhika mwendo wake aliangusha kishikizo na kuendelea kuvuta, bila kuachia katikati, hadi mlipuko wa kwanza ulipoitikia na hendeli ikateleza, ikabaki mkononi mwake.

"Kidole kiko wapi?" Seline humwuliza kila asubuhi.

"Kiko na ndugu zake," hujibu Oluoch, na mzunguko huanza.

Juma lile hendeli ililowa kila asubuhi. Halafu unga ukaanza kutoka na unyevu. Mteja mmoja aliurudisha, akaumwaga kwenye kaunta, akasema watoto wake wamekataa ugali kwa kuwa unanuka ziwa. Siku iliyofuata Seline aliinua kifuniko cha pipa na kukuta juu ya maji jani moja la mviringo, nene, linalong'aa, lenye mzizi mweusi kama nywele. Alilitupa kwenye mtaro. Hakumwambia mumewe.

Aliyefuata kuingia bandani alikuwa Nafuna, mwanamke wa Port Victoria, kandokando ya ziwa, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye meza nje ya kinu. Alikuja amekunja uso.

"Mama Hope, watu wanasema ati ni omena yangu inaharibu unga yenu. Nimekuja nijionee. Mimi omena yangu ni kavu, hata ukiipiga inalia."

"Hakuna mtu amekutaja, Nafuna."

"Wamenitaja. Wacha nione hiyo mashine."

Alizunguka pipa, akainama karibu na gurudumu. Alilitazama lile kovu la mshazari kwa muda. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Hii mlitoa wapi?"

"Huko nyumbani. Ziwani."

"Hii ni injini ya Okoth."

"Okoth gani?"

Nafuna alitazama mlangoni kwanza. "Alikuwa anavua mbuta. Siku moja upepo ikashuka, injini ikazima katikati ya maji. Akaanza kuiwasha. Sasa yeye alikuwa na mtindo yake ya kushika hendeli, hivi." Alifumba mkono, kidole gumba kikavizunguka vile vingine na kuvibana kama ngumi. "Kila mtu alimwambia wacha hiyo. Ikapiga teke. Ikamvunja hapa kwa kiwiko, ikamrusha, na vile alikuwa ameishika, ikaenda na yeye. Ndio ikakwaruza hiyo gurudumu ikitoka."

"Nini ikaenda na yeye?"

"Hendeli."

Wanawake wawili waligeuka kuutazama ukuta. Hendeli ilikuwa juu ya msumari wake.

"Ilikuja imefungwa na injini," Seline alinong'ona. "Kwa kamba. Baba Hope alisema ilikuwa imelowa, akadhani ni mvua."

"Mwili haikupatikana," Nafuna alisema. "Magugu ilikuwa imefunga kila mahali. Na mama yake akakataa watu wasizike kitu. Alisema kijana wake atarudi." Alijifunga leso vizuri kifuani. "Mimi nimeona. Naenda kwa meza yangu."

Jioni hiyo Seline alimpa mumewe chai. Oluoch alikipokea kikombe cha bati, na mkono wake wa kulia ukakifumbata chote, kidole gumba kikakizunguka na kukaza mpaka bati likabonyea na chai ikamwagika juu ya goti lake. Ilikuwa chai iliyotoka motoni. Hakushtuka.

"Baba Hope, umeungua."

"Iko baridi," alisema. "Kila kitu hapa iko baridi."

Jumamosi alasiri, foleni ya wateja ikiwa imefika hadi nje ya meza ya omena, injini ilizima ghafla na Oluoch akaenda kuiwasha tena. Seline alisimama mlangoni. Hakumwona akipima oili. Hakumwona akikunja mikono ya shati wala akipaka grisi.

"Kidole kiko wapi?" aliuliza, na sauti yake mwenyewe ikamfikia masikioni kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo.

Oluoch aliishika hendeli. Mkono ulifumba, kidole gumba kikazunguka, hendeli ikapanda, ikafika juu, ikapiga teke, na badala ya mfupa kuvunjika mkono ule ulikifuata chuma kurudi nyuma, kwa utulivu, kama mtu anayerudi njia anayoijua. Injini ikawaka. Iliwaka kinyume. Gurudumu lilizunguka kuelekea nyuma, moshi mweusi ukaanza kutokea kwenye chujio la hewa mahali ambapo injini inapaswa kuvutia pumzi, na ekzosi nje ya banda, ambayo tangu siku ya kwanza ilikuwa ikitema, sasa ilikuwa ikivuta, ikavuta vumbi, ikavuta karatasi ya nailoni iliyokuwa ikipeperuka uchochoroni na kuing'ang'aniza mdomoni mwake, huku wateja wakirudi nyuma na madebe yao, maji ya pipa yakianza kuchemka bila joto, majani yale ya mviringo yakipanda moja baada ya jingine kutoka chini ambako hapakuwa na kitu, na harufu ya matope, ya samaki, ya kitu kilicholala majini kwa muda mrefu, ikijaza banda mpaka Seline akahisi anaimeza. Alifunga koki ya dizeli. Injini iliendelea kuzunguka. Ilikuwa inajilisha kitu kingine.

Ni Nafuna aliyekimbia na gunia lililolowa na kuliziba domo la ekzosi. Gunia lilinyonywa ndani kwa nguvu, likashikwa, na injini ikafa kwa mguno mrefu kama wa mtu anayelazwa chini.

Oluoch alikuwa bado ameshika hendeli.

"Nimerudi," alisema, kwa sauti nzito isiyokuwa yake. "Mwambieni mama nimerudi."

Kisumu Ndogo nzima ilisema ni jini. Jael hakulitumia neno hilo. Alikuwa nabii wa kanisa la Roho lililokusanyika kwenye chumba cha mabati karibu na reli, mwanamke mrefu mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu mgongoni. Aliletwa mchana wa Jumapili, akaketi kitandani kando ya Oluoch, akaushika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Alikaa hivyo akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua, alimgeukia Seline.

"Huyu hana kaburi," alisema. "Hana ubaya. Mama yake alimwambia arudi, na kitu ya kushika ni hendeli peke yake. Sasa amepata mkono iko upande ya pili."

"Atatoka, Mama Nabii?"

"Akipewa mwili ya kulala nayo. Wewe ni Mjaluo, unajua. Mtu akipotea kwa maji tunazika nini?"

"Yago," alisema Seline. Alikuwa ameliona tunda hilo utotoni, refu kama paja la mtu, likining'inia kwenye mti kwa kamba yake. Na mara moja, nyumbani kwa mjomba wake, aliliona limevishwa shuka na kulazwa kaburini huku watu wazima wakililia kwa jina la mtu.

"Nzima," alisema Jael. "Isiguswe na kisu. Uitafute wewe mwenyewe, uifunge kwa shuka nyeupe, uniletee. Mimi sitaifungua, maiti haifunguliwi. Na iwe kabla ya mvua. Maji ya juu ikikutana na maji ya chini, huyu hatajua gani ni yake. Na bwana yako hatajua njia ya kutoka."

Seline alikuwa amewahi kumfulia nguo Wangoi, bibi kizee mwenye ploti ya vyumba vya mawe huko Gatina, Kawangware. Alikumbuka harufu tamu ya asali iliyokuwa ikitoka kwenye stoo ya nyuma, na magunia ya tunda kama lile, ambayo hakuruhusiwa kuyagusa. Kulikucha akiwa ameshafika kwa miguu.

"Cucu, natafuta tunda. Ndefu hivi. Inaning'inia kwa mti na kamba."

Wangoi alimtazama kwa jicho moja, kwa kuwa jingine lilikuwa na mtoto wa jicho. "Hiyo ni muratina, mwari. Unataka kutengeneza pombe ya ruracio, ya mahari? Nyinyi Wajaluo mmeanza lini?"

"Ni dawa."

"Hata pombe ni dawa." Bibi alicheka, akamwongoza stoo, akafungua gunia. Ndani mlikuwa na vipande vya kahawia, vikavu, vyepesi, vyenye nyuzi kama sifongo.

"Hizi ni nusu," alisema Seline.

"Lazima zipasuliwe. Zinatolewa mbegu, zinachemshwa, zinaanikwa. Pombe itaingiaje kwa kitu imejifunga?"

"Nzima haiko?"

"Nzima iko kwa mti. Mtu wangu ataniletea kutoka Embu."

"Lini, Cucu?"

"Akikuja."

Nje, upande wa vilima vya Ngong, mbingu ilikuwa imeiva kama jeraha. Seline alisikia upepo wa kwanza ukipiga mabati ya Gatina, moja baada ya jingine, kama mtu anayepita akibisha kila mlango. Alifikiria mkono uliofumba. Aliinama juu ya gunia na kuchagua nusu moja, kisha akatafuta nyingine inayolingana nayo, akaigeuza, akaipimanisha, akaiacha, akachukua nyingine. Zile alizozichagua mwishoni zilikutana vizuri, isipokuwa moja ilizidi kidogo upande wa chini, kama mguu wa mtu anayechechemea. Alizifunga kwa kamba ya katani.

Wangoi aliutazama mzigo. "Hizo si ndugu," alisema. "Kila moja na mama yake."

"Zitatosha," alisema Seline.

Walizika alasiri hiyohiyo, kwenye ukingo wa bwawa lililo chini ya mtaa jirani wa Lindi, ambako gugu maji lilikuwa limetanda hata huko, kijani hadi ng'ambo, kana kwamba ziwa lilikuwa limewafuata mjini. Oluoch aliketi kwenye nyasi akitazama maji. Jael aliupokea mzigo uliovishwa shuka nyeupe, akaupima uzito mikononi, na uso wake ukasita.

"Ni nyepesi," alisema.

"Imekauka," alijibu Seline. Hilo lilikuwa kweli.

Jael aliulaza shimoni, akaweka hendeli kando yake, akamwita Okoth kwa jina, akamwambia huu ndio mwili wake, hapa ndipo kwake, mama amemruhusu kulala. Udongo ulirudishwa. Koleo la mwisho lilipoanguka, Oluoch alivuta pumzi ndefu, akautazama mkono wake wa kulia, akakunjua vidole kimoja baada ya kingine.

"Mama Hope," alisema. "Mbona tuko hapa? Nasikia njaa."

Seline alilia njia nzima. Usiku huo Oluoch alikula ugali wote, akalalamika kuwa mboga haina chumvi, akauliza kama Hope, binti yao aliye kwa nyanyake, ameandikiwa barua. Kwa fundi wa vyuma walichongesha hendeli mpya. Chuma haina hatia, Jael alikuwa amesema, na injini ikawashwa, ikazunguka kuelekea mbele, ikatema moshi wake nje kama zamani.

"Kidole kiko wapi?"

"Kiko na ndugu zake."

Mvua ilianza siku iliyofuata na haikukatika. Kwa hiyo haikuwa ajabu kuona alama za miguu iliyolowa sakafuni, na Seline alizipangusa mara kadhaa bila kuzifikiria, mpaka asubuhi moja, kitambaa mkononi, alipotambua kuwa kutoka kitandani hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi kitandani, mguu wa kulia haukuwa umeacha alama yoyote. Zote zilikuwa za kushoto.

Alirudi kitandani, akanyoosha mkono chini ya blanketi. Bega la kulia la mumewe lilikuwa na joto la mtu aliyelala. Aliupeleka mkono polepole kuvuka kifua, akasikia moyo, akausogeza tena, na pale katikati, kama mtu anayetoka juani na kuingia kivulini, ngozi ikawa baridi, laini, yenye utelezi, na mkono wa kushoto wa Oluoch, uliokuwa umelala juu ya shuka, ulikuwa umefumba, kidole gumba kimevizunguka vile vingine, nao ulikuwa ukizungusha kitu kisichoonekana, taratibu, kuelekea nyuma.

Alimweleza Jael yote: gunia, nusu, kamba ya katani. Nabii aliketi chini palepale mlangoni pa kanisa, mvua ikimpiga miguuni.

"Umemzika nusu," alisema. "Nusu ile nyingine ni ya nani?"

Seline alikumbuka maneno ya Wangoi: kila moja na mama yake.

"Kaburi haikai na nafasi, mama. Ulimpa mwili ya watu wawili. Yeye aliingia kwa yake. Hiyo ingine haikuwa na mwenyewe, na bwana yako alikuwa ameketi hapo karibu. Nusu yake ikaingia hapo, na nusu ya Okoth ikabaki kwake." Alijifuta uso. "Twende tufukue. Tutafukua mbio."

Walishuka Lindi wakishikana mikono kwenye matope. Mahali palipokuwa na ukingo, palikuwa na maji. Bwawa lilikuwa limepanda, limekula nyasi, limekula kilima kidogo cha udongo, na gugu maji lilikuwa limeifunika sehemu yote kwa mkeka mmoja usio na mshono, ukipanda na kushuka kama kifua. Jael aliimba mpaka sauti ikamkauka. Kisha akaenda zake, na hakurudi tena Kisumu Ndogo kwa jambo hilo.

Seline alipofika bandani, hendeli ya zamani ilikuwa kwenye msumari wake, ikidondosha.

Habari kutoka Gatina ilifika mvua ikiwa bado inanyesha: mtu wa Embu amekuja. Seline alikwenda na kurudi, akaingia bandani akiwa amelowa hadi mifupani, na kwenye mapaja yake, alipoketi juu ya gunia la mahindi, akalilaza yago. Lilikuwa zima, la kijivu na kijani, zito kama mtoto mchanga, na kikonyo chake kilikuwa bado kinatoa utomvu. Hakuna kisu kilicholigusa. Alikuwa amebeba shuka pia.

Oluoch alikuwa anajiandaa kuwasha. Alipima oili. Alifungua koki. Alipaka grisi. Kisha aliitundua hendeli ya zamani, akaiingiza kwenye shafti, na akaishika kwa mikono yote miwili, hakuna mkono uliobaki wa kushika kishikizo, lakini kishikizo kilikuwa kimeinuka.

"Kidole kiko wapi?" aliuliza Seline, kwa kuwa hakuwa na swali jingine duniani.

"Kiko na ndugu zake," alisema mumewe, kwa sauti yake, na mkono wa kulia ulikuwa kama alivyosema. Kisha mdomo uleule, kabla haujafungwa, ukauliza kwa sauti nzito: "Gani?"

Uso uligeuka. Jicho la kulia lilimtazama yeye, limejaa machozi. Jicho la kushoto lililitazama tunda.

"Hiyo," waliuliza, "umeletea nani?"

Seline alilikumbatia yago kifuani. Angelizika, mmoja wao angelala kaburini mzima, na mwingine angebaki na mwili huu. Hapakuwa na mtu wa kumwambia ni yupi. Nyuma ya sauti ya mvua, hendeli ilianza kuzunguka, na alifumba macho asione ni kuelekea upande gani.